Simama Hapa, Tazama Juu

Sauti iliniambia nisimame. Nilikuwa kati ya Moi Avenue na Tom Mboya, saa kumi na moja na nusu jioni, ule wakati tao yote inashuka kwenda steji, na mwanamke mmoja mtulivu ndani ya sikio langu la kushoto akasema: simama hapa, tazama juu, vuta pumzi. Nikasimama. Mtu wa kwanza alinigonga bega. Wa pili aliniuliza, siz, umepotea? Wa tatu hakuuliza kitu. Aliangalia tu simu mkononi mwangu kwa lile jicho ambalo kila mtu aliyekulia Nairobi analijua, na mimi nikaacha kutazama juu.

Niseme mapema nilifikaje pale, maana kwenye uhakiki ni vizuri msomaji ajue nani anamlipa nani. Kampuni moja ina programu ya simu ya kutembeza watu mjini kwa sauti. Unaweka hedifoni, unatembea mwenyewe, na ukifika mahali fulani sauti inaanza kukusimulia. Hakuna gaidi wa kushika kibendera mbele, hakuna kundi. Njia yao ya Nairobi ina vituo 11, yote kwa Kiingereza, na sasa wanataka ya Kiswahili. Mtu alinipendekeza. Wakanitumia vituo vitatu nitafsiri kama jaribio, na wakiridhika napewa kazi yote. Pesa ingelipa nyumba miezi miwili. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili na kazi zangu huja kwa WhatsApp, kwa hivyo msidhani nilikuwa nafanya uhakiki nikiwa nimeshiba. Lakini sijui kutafsiri barabara ambayo sijaitembea kwa masikio ya aliyeiandika. Nikaipakua.

Kuanza si kazi, na hapa niwape haki yao. Unaipakua nyumbani ukiwa na Wi-Fi, unachagua njia, na ramani pamoja na sauti zote zinaingia kwenye simu, ili ukiwa barabarani isile bando. Inaomba ruhusa ya kujua uko wapi. Ukikataa, haitajua umefika kituo gani na utakuwa unabonyeza mwenyewe, kitu ambacho kwenye River Road sikushauri. Ukikubali, simu inaingia mfukoni na sauti inajianzisha ukikaribia. Huo ndio ujanja wote wa hii teknolojia: hadithi inangoja mahali pake. Mimi ningeongeza mambo mawili ambayo maelezo yao hayasemi. Sikio moja tu, lingine liachie pikipiki na watu. Na simu iwe mfuko wa ndani, zipu imefungwa, ukubali kutoona ile nukta ya bluu.

Ile nukta yenyewe haiaminiki sana. Mawimbi ya GPS yakifika katikati ya maghorofa yanagonga kuta na kurudi, na simu inaamini umehama. Niko bado Moi Avenue nikielezwa kuhusu Archives, kumbe kwa simu tayari nimevuka. Sauti ikakata hadithi ya Joseph Murumbi katikati na kuanza ya Dedan Kimathi, ambaye sanamu yake iko upande wa pili kule Kimathi Street. Murumbi, makamu wa pili wa rais, mtu aliyekusanya sanaa na vitabu maisha yake yote, akanyamazishwa na kuta za simiti. Nilirudi nyuma hatua ishirini kumtafuta. Mlinzi wa duka aliniangalia nikienda mbele na nyuma kama mtu aliyeangusha funguo.

Sasa, hii kitu si mpya. Makumbusho ya Stedelijk kule Amsterdam yalianza kuwapa wageni maelezo masikioni mwaka 1952, kwa redio ya mawimbi mafupi, kila mtu akisikia kitu kimoja kwa wakati mmoja na kundi zima likigeuza shingo pamoja. Baadaye wasanii waliichukua wakaitoa nje. Janet Cardiff wa Kanada amekuwa akitengeneza matembezi ya sauti tangu 1991, na ile ya London ya 1999 ilianzia kwenye maktaba ya Whitechapel na kukutoa mtaani, sauti yake ikikuelekeza na kukuchanganya, ujiulize kama ile hatua nyuma yako iko kwenye kanda au iko barabarani kweli. Nataja hilo kwa sababu watu wakisikia programu ya watalii wanafikiri haistahili kuhakikiwa. Inastahili. Ni maandishi. Kuna mtu aliketi akaamua sentensi ipi ianze, nani atajwe, nani apitwe, na mwisho akakutuma ukasimame mahali fulani kwa miguu yako mwenyewe. Riwaya haijawahi kuniambia nivuke Haile Selassie.

Nianze na walipofaulu. Kituo cha saba ni City Market, Muindi Mbingu Street. Sauti inakupa sentensi chache tu, kuhusu jengo na mwanga unavyoingia, halafu inasema: toa hedifoni, ingia, rudi ukimaliza. Basi. Nikaingia. Maua, vinyago, mwanamume akininadia bangili kwa Kiingereza hadi nilipomjibu akacheka akashusha bei, na kule nyuma harufu ya samaki. Hapo mwandishi alijua kitu ambacho waandishi wengi, mimi nikiwa mmoja, hatujui: kunyamaza. Ningependa kukutana na aliyeandika kituo cha saba. Sidhani ndiye aliyeandika cha tisa.

Cha tisa ni kona ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway. Sauti inaitaja Nyayo House kama jengo la ofisi za serikali, rangi yake ya mchanga, foleni ya watu wanaotafuta pasipoti. Sekunde arobaini. Ghorofa ya chini ya jengo hilo, miaka ya themanini, watu waliodhaniwa kuwa wa Mwakenya walifungiwa kwenye vyumba vya giza, wakasimamishwa kwenye maji, wakapigwa. Vyumba hivyo vilionyeshwa kwa umma mwaka 2003, kwa hivyo si siri. Hata kama mtalii yuko likizo, hajaomba afichwe. Na kituo cha 11, Bunge, dakika tatu nzima ni za mnara wa saa. Mimi nilisikiliza nikiwa nimesimama kando ya ukuta uleule ambao kizazi changu kinaujua kwa vitoza machozi na risasi za tarehe 25 Juni 2024. Labda ilirekodiwa kabla. Nikajipa moyo hivyo, mpaka nikakumbuka kituo cha tano, ambapo sauti inasema wageni kutoka dunia nzima wanalala ndani ya ule mnara wa mviringo. Hilton ilifunga milango mwisho wa 2022. Kama hakuna mtu aliyerudi kusahihisha hoteli, nani atarudi kwa ajili ya vijana?

Lakini makosa ya kuacha ni rahisi kuyalaumu, na kampuni ingeweza kunijibu kwamba dakika hazitoshi. Shida yangu kubwa niliipata mezani, si barabarani. Niliipata kwenye neno dogo sana.

Kituo cha kwanza ni stesheni ya reli. Kiingereza chake kinaanza kwa kukuomba ujifikirie: ni mwaka 1899, wewe umeshuka kwenye treni, mbele yako ni tambarare yenye maji, hakuna mji. Vizuri. Nikaandika: “Ni mwaka 1899. Wewe umeshuka kwenye treni.” Nikaangalia hiyo sentensi nusu saa. Nani ameshuka? Kwa Kiingereza “wewe” huyo ana kofia ya jua na sanduku la ngozi, hata hawahitaji kusema. Anashangaa baridi, anashangaa wanyama, anapata mahali “patupu”. Kwa Kiswahili huyo mtu haji. Anayesikiliza kwa Kiswahili akiambiwa yuko pale 1899, atajiweka wapi? Kuna zaidi ya watu 30,000 walioletwa kutoka India kujenga ile reli, na kama 2,500 hawakurudi popote. Kuna Wamaasai waliopaita mahali pale kwa maji yake ya baridi, na jina likabaki likiwa Nairobi. Kuna wapagazi. Wote hao wangeweza kuwa “wewe”. Hakuna hata mmoja wao aliyeshangaa kwamba hakuna mji.

Kwa hivyo kutafsiri neno kwa neno kungekuwa uongo, ingawa kila neno lingekuwa sahihi. Hiyo nilijaribu kumweleza mtu wa kampuni kwa simu, akasema, kwa upole kabisa, “Just keep the tone.”

Halafu kuna “simama”. Kiingereza kina neno moja, la mtu mmoja na la watu mia, la mtoto na la nyanya yako. Mimi ilibidi nichague. “Simama hapa, tazama juu” kwa Kiswahili ni sauti ya kanjo. Au ya askari. Ni amri, na hapa tao amri ya kusimama haijawahi kuja na hadithi nzuri. Ukiongeza “tafadhali” inakuwa sauti ya lifti. Nilizunguka na hilo siku mbili, nikaona nahitaji sikio lingine, nikamwambia Mama Jumamosi twende tao.

Mama yangu anaijua tao kuliko hiyo programu na kuliko mimi. Aliuza viatu kwenye duka la Moi Avenue akiwa msichana, kabla ya mimi kuzaliwa, na bado anasema Archives kwa sauti ya mtu aliyewahi kungojwa pale. Nikampa hedifoni moja, nikabaki na nyingine, waya katikati yetu, tukaanza stesheni. Nilikuwa namtafsiria nusu kwa nusu, kile cha Kiingereza kikiingia nami nikimnong’onezea. Alisikiliza ile ya 1899 hadi mwisho. Akauliza, “Huyo dada ni wa wapi?” Nikamwambia sijui. “Anaongea vizuri. Lakini anaongea na mtu mwingine.”

Siku mbili za mezani, na yeye alimaliza kwa sentensi moja akiangalia ubao wa bei ya machungwa.

Kituo cha pili ni bustani ya kumbukumbu pale Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie. Hapa naomba niende polepole. Tarehe 7 Agosti 1998, Ijumaa asubuhi, bomu lililipuliwa kwenye ubalozi wa Marekani uliokuwa hapo. Watu 213 walikufa, maelfu wakaumia. Ufundi House iliyokuwa jirani iliporomoka. Ukutani kuna majina. Programu inajua haya yote na inayasema sawasawa: tarehe, saa, idadi. Inataja kwanza Wamarekani 12, kisha wengine. Chini ya maneno kuna piano. Halafu sauti inasema chukua muda, tafakari.

Mama alitoa hedifoni sikioni piano ilipoanza. Hakukasirika. Aliizungusha waya kidoleni, akanirudishia.

“Hawajasema kuhusu dirisha,” akasema.

Nikamuuliza dirisha gani. Miaka yangu yote nilijua Mama alikuwa tao siku ile, ni kitu kinachojulikana nyumbani kama vile unajua damu ya mtu ni kundi gani, na sikuwahi kuuliza zaidi. Akasema kulikuwa na mlio wa kwanza, mdogo. Kama tairi la lori. Kila mtu akakimbilia dirishani kuangalia ni nini, maofisini, madukani, juu kule Co-operative House, kila mahali watu wameweka nyuso kwenye kioo. Halafu ndio ikaja kubwa. “Mimi sikuenda kwa sababu nilikuwa nimepiga magoti navalisha mteja kiatu. Alikuwa mama mnene, kiatu kimekataa kuingia. Nikamwambia, mama ngoja kidogo, nakuja, akasema hapana, maliza kwanza. Basi nikamaliza.” Msichana waliyekuwa wakifanya kazi naye alienda. Alipoteza jicho moja. Mama alitaja jina lake, na mimi silitaji hapa.

Tulisimama. Hakuna aliyetuambia tusimame.

Nimefikiria sana kwa nini maneno yale ya Mama yalinifanya niione ile barabara na ile piano haikufanya hivyo. Si kwamba script ni ya uongo. Idadi ni sahihi kuliko kumbukumbu ya Mama, ambaye anadhani ilikuwa saa nne na programu inasema karibu saa nne na nusu. Si hata ugeni wa sauti, maana kuna mgeni angeweza kuandika vizuri kuhusu vioo. Ni kwamba script ilinipa matokeo, nikayaweka kichwani pamoja na matokeo mengine. Mama alinipa jambo ambalo naweza kulitumia kwa macho: madirisha. Sasa siwezi kupita Moi Avenue bila kuangalia madirisha ya ghorofa ya pili na ya tatu. Programu ilikuwa imeniambia nitazame juu na haikuwa na kitu cha kunionyesha kule juu. Hiyo ndiyo kasoro ya hii kazi yote, na ukiwatoa City Market utaiona kila kituo: inakusimamisha mahali halisi, halafu inakusimulia kitu ambacho ungeweza kukisoma ukiwa kitandani.

Chukua kituo cha nne, sanamu ya Tom Mboya. Tunaambiwa alizaliwa lini, aliuawa 5 Julai 1969, sanamu ilisimamishwa 2011, na kwamba alisaidia vijana kwenda kusoma Marekani kwa ndege, Wangari Maathai akiwa mmoja wao. Mimi niliyeacha chuo husikia hiyo sehemu na sikio la pekee, lakini tuendelee. Kitu ambacho mwili wako unahitaji kujua ukiwa pale ni kwamba alipigwa risasi hatua chache tu kutoka hapo, akitoka duka la dawa, Jumamosi, kwenye barabara ambayo wakati huo iliitwa Government Road, na kwamba sasa barabara hiyo ina jina la rais mwingine na yeye amepewa ile ya nyuma iliyokuwa Victoria Street, ile ya matatu na mitumba. Geuka kushoto, geuka kulia, hadithi yote iko kwenye vibao vya barabara. Sauti haikuniambia nigeuke hata mara moja.

Baada ya bustani Mama hakutaka kuendelea na vituo. Alitaka chai. Tukaingia kibanda cha juu ya ngazi ambacho amekuwa akiingia tangu zamani, chai ya maziwa na mandazi, na hapo akaanza kunitembeza bila kusimama: hapa palikuwa na sinema, pale ndio nilinunua suti ya kwanza ya baba yako kwa malipo ya polepole, hiyo kona usipite usiku. Kila aliponielekeza kitu alisema “hebu tuone”, “si tupite hapa”, “hebu tusimame kidogo”. Sisi. Nikaandika hiyo kwenye risiti ya chai. Tusimame hapa. Amri imekwisha, na “wewe” wa treni amekwisha pia, kwa sababu ukisema “tu” lazima uamue msimuliaji naye ni nani na alikuwa wapi.

Je, uipakue? Kama una mgeni kutoka ng’ambo, ndiyo, na mpeleke City Market. Kama wewe ni wa hapa, ipakue pia, uende Jumapili asubuhi tao ikiwa nyepesi na mahoka hawajatandika, sikio moja, na umchukue mtu aliyekuzidi umri miaka 20 hivi. Akianza kubishana na sauti, bonyeza kusitisha.

Vituo vyangu vitatu nilivituma Jumanne. Cha kwanza kinaanza na mpagazi. Cha nne kina kugeuka mara mbili. Cha pili niliondoa piano, nikaweka dirisha, na mteja ambaye kiatu kilikataa kuingia, Mama akiwa ameniruhusu kwa masharti kwamba jina lake lisitokee na kwamba nisiseme mteja alikuwa mnene. Hilo la pili nimelivunja hapa tu. Kwenye kila kituo nimeandika “tusimame”. Hawajajibu, na invoisi pia haijajibiwa.